Mia na Saba kwa Mishono Elfu

Khurram alirudi kutoka kwa Haji Sanaullah na mfuko mweupe begani, na kwa jinsi alivyoutua mezani, taratibu kama mtu anayetua mtoto aliyelala, Sumbal, dada yake, alijua bei ya kazi yake imekwisha kuuzwa.

"Rupia sitini na tano," Khurram alisema, akavua viatu. "Mwaka jana sitini, mwaka huu sitini na tano. Na suti sita za Idi, za vipande vitatu, nakshi juu mpaka chini. Mzee ananiheshimu yule."

Mkewe, Robina, alikuwa ameshaufungua mfuko. "Ya zambarau yangu," alisema, kabla hata hajaona nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa miaka sita mfululizo. Kila mwaka, miezi mitatu kabla ya Ramadhani, karakana za Faisalabad zinapoanza kudarizi nguo za Idi, Khurram alikwenda kwa Haji, akakaribishwa kiti, akanywa chai mbili, wakakubaliana bei ya dada yake. Kazi ilikuwa ya Sumbal. Yeye ndiye aliyepokea mchoro wa ua kwenye karatasi na kuugeuza kwenye kompyuta kuwa faili la mishono, faili linaloiambia mashine sindano iingie wapi, itoke wapi, ibadilishe uzi gani. Alilipwa kwa kila mishono elfu. Lakini kwenye karakana yenyewe alikuwa hajawahi kutia mguu. Dada hendi kuzungumza bei wakati kaka yupo.

"Ulimwambia habari ya umeme?" Sumbal aliuliza.

"Umeme ni mambo ya nyumbani. Niende kwa Haji kulia bili? Nina haya mimi."

"Haya unayo kwake. Kwangu ulisema chumba kipangishwe."

Khurram aliviweka viatu kando ya mlango. Ni kweli alisema. Mwezi uliopita mita ya nyumba ilivuka uniti mia mbili, na nyumba ikishavuka hapo bei ya kila uniti hupanda, na haishuki mpaka ipite miezi sita. Bili iliyokuwa elfu saba ilikuja elfu kumi na tisa. Khurram aliisoma mlangoni, akaisoma tena ndani, kisha akatoa hukumu: ikifika tarehe mosi, chumba cha juu, anamofanyia kazi Sumbal, kijilipie umeme wake. Kikishindwa, kompyuta iuzwe na chumba apewe mwanafunzi, ambaye ataleta kodi ya pango elfu kumi na mbili na kuwasha taa moja.

"Rupia tano juu," Sumbal alisema, "kwa mishono laki tisa ya mwezi, ni elfu nne na mia tano. Bili imepanda kwa elfu kumi na mbili. Zilizobaki nizitoe wapi, kaka?"

"Wewe mtu uko nyumbani, Sumbal. Pango hulipi. Nauli hulipi. Chakula unakula hapa. Una gharama gani?"

Hilo ndilo neno alilokuwa amelila kwa miaka sita pamoja na mkate wa asubuhi. Yuko nyumbani, ana gharama gani. Haji alilisema ili asipandishe bei, Khurram alilisema ili akubali bei, na yeye mwenyewe, ukweli usemwe, alikuwa amelisema mara nyingi ili apate usingizi.

Asubuhi ya pili alipanda bajaji mpaka Kachehri Bazaar, kwa Tehmina.

Tehmina alisoma naye chuo cha ufundi. Sasa alikuwa karani katika ofisi ya wakili wa kodi, ofisi yenye feni moja na mafaili yaliyofika dirishani. Wiki tatu nyuma ndiye aliyemwandikisha Sumbal katika orodha ya watu wanaowasilisha hesabu zao za kodi. Khurram alipopata habari alishika kichwa. "Ukishawapa jina lako hawakuachi mpaka kaburini." Sumbal alimjibu kwamba wanaomkata mara mbili wanamjua tayari. Maana ofisi ya Haji ilikata kodi kabla ya kumlipa, na kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha, ilikatwa rupia ishirini na mbili katika kila mia, badala ya kumi na moja. Miaka sita. Na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Leo tupige hesabu ya kweli," Tehmina alisema, akasukuma mafaili kando kwa kiwiko. "Mwezi unapata ngapi?"

"Elfu hamsini na nne. Kwa bei ya sitini."

"Hizo ndizo unazoandikiwa. Mkononi?"

"Elfu arobaini na mbili, mia moja na ishirini."

"Miezi mingapi unafanya kazi?"

"Tisa. Baada ya Idi Kubwa karakana hulala."

"Na miezi mingapi unakula?"

Sumbal alicheka, kisha akaacha kucheka.

Wakaandika. Umeme uliozidi, elfu kumi na mbili. Betri ya kushikilia kompyuta umeme unapokatika, elfu hamsini na nne kila miaka miwili, igawanywe kwa miezi. Intaneti. Leseni ya programu. Kompyuta, ambayo ina mwaka wa tano na inapumua kwa shida, iwekewe akiba ya mrithi wake. Ada ya ofisi hii hii ya wakili. Kwa mwezi ilitoka elfu ishirini na nne na mia mbili hamsini.

"Sasa toa," Tehmina alisema. "Zote, za mwaka mzima."

Sumbal alitoa. Alifuta, akatoa tena. Kwa bei ya mwaka jana, kama angejilipia umeme wake mwenyewe, angebaki na rupia elfu saba na mia tatu arobaini kwa mwezi.

"Yule mama anayeosha vyombo kwa majirani zenu analipwa ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Na sabuni si yake."

"Usinitanie, Tehmina."

"Sikutanii. Weka hiyo sitini na tano ya kaka yako, na jina liko kwenye orodha sasa, kodi ni nusu. Bado hufiki elfu kumi na tano. Bado mama wa vyombo yuko juu yako, na ana Ijumaa yake ya kupumzika."

Sumbal alitazama namba ile mpaka ikaacha kuwa namba. Akayafikiria macho yake, yaliyoanza kutoa machozi kila akitazama kioo cha kompyuta zaidi ya saa tano, na mgongo wake, na Ijumaa zake.

"Unataka ubaki na ngapi?" Tehmina aliuliza.

"Arobaini. Haji anamlipa mwendesha mashine elfu arobaini. Mashine inafuata faili langu. Nisipate pungufu ya yule anayeitazama ikifuata."

Wakarudi nyuma kutoka arobaini. Miezi kumi na miwili ya kula, jumlisha gharama za mwaka, ikawa laki saba na elfu sabini na moja. Sumbal akajumlisha kodi juu yake, kumi na moja kwa kila mia, akagawanya kwa mishono yote ya miezi tisa, akapata mia na tano na nusu na ushee. Aliinua kalamu ameridhika.

"Hapo ndipo mnapokosea wote," Tehmina alisema. "Kila anayeingia humu anakosea hapo hapo. Kodi haikatwi kwenye kile unachotaka kubaki nacho. Inakatwa kwenye chote anachokulipa. Katika kila mia ya Haji wewe unaona themanini na tisa. Kwa hiyo usijumlishe. Gawanya kwa themanini na tisa, uzidishe mia."

Ikatoka mia na saba, pungufu senti chache.

"Rupia moja na kidogo tu," Sumbal alisema.

"Kwa mwaka ni elfu kumi na mia nne. Kama huzihitaji, nipe mimi." Tehmina aliipigia namba mstari. "Haya. Sasa ukienda, sema mia na sitini. Atakushusha, atafurahi, mtaishia hapo."

"Sisemi mia na sitini."

"Sumbal. Mwenye duka la bamia hapo chini huanza juu. Mahari huanza juu. Ukianza na ya kweli utarudi na themanini."

"Nikisema mia na sitini nitakuwa nimedanganya, na akinishusha atakuwa amenifumania. Kila mwaka atakumbuka kwamba nilidanganya. Mia na saba si uongo. Nitasema mia na saba, ninyamaze."

"Hujawahi kunyamaza tangu nikujue."

"Nitajifunza njiani."

Nyumbani alizikusanya zile suti. Zilikuwa tano.

"Wifi, ya zambarau iko wapi?"

Robina alikuwa akimenya vitunguu saumu na hakuinua uso. "Kwa fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Ameshaikata, na shingo ameshaichimba. Unataka kuipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Ni mshahara wangu ule, wifi. Haji ananinyima elfu arobaini kwa mwezi, halafu anampa kaka vitambaa ili asione."

Robina aliweka kisu chini. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa ameshamwonyesha dada yake picha ya ile suti. "Kaka yako ametoa neno. Mwanamume akitoa neno, wewe unakwenda kulirudisha kwenye mfuko wa plastiki? Khurram akijua—"

"Mpigie sasa hivi, asije akaambiwa na mtu baki. Duka la pili kutoka msikitini wanaziuza kama hizi elfu mbili na mia nane, nimeuliza. Nitamlipa Haji ya kwako. Vaa kwa amani."

Robina aliposikia amebaki na suti yake, hasira yake ilikosa pa kusimama. Alimpigia mumewe, lakini alisubiri mpaka bajaji ya Sumbal imekata kona.

Karakana ya Haji Sanaullah ilikuwa na mashine kumi na mbili, na kila mashine ilidarizi suti ishirini kwa mara moja. Sumbal alizisikia tangu barabarani. Alipopita kati yake aliliona pindo lake la mwaka jana, lile la majani ya mzabibu, likitoka chini ya sindano ishirini pamoja, na mguu ukamsita. Alikuwa hajawahi kuliona likizaliwa.

Haji alikuwa ofisini, nyuma ya kioo, na tasbihi na kikombe. Alipomwona mwanamke peke yake mlangoni alisimama kabisa.

"Binti wa marehemu Yaqub? Kuna msiba? Khurram mzima?"

"Mzima, Haji sahib. Yuko kazini. Nimekuja kwa ajili ya bei."

Haji alikaa taratibu. "Bei tulimaliza jana, binti yangu. Sitini na tano."

"Mlimaliza ninyi. Kaka yangu alitoa neno lake, na neno lake liko palepale, akitaka kukufanyia kazi kwa sitini na tano aje. Mishono ni yangu." Aliuweka mfuko juu ya kiti, na juu ya mfuko noti zilizokunjwa. "Suti tano, na elfu mbili na mia nane za ile ya sita, ilishafika kwa fundi."

Haji aliutazama mfuko kama aliyewekewa paka kitini. Aliita chai. Mlangoni alisimama Bashir, msimamizi wa mashine, mtu mwembamba mwenye sindano tatu kwenye ukosi wa shati, naye akajifanya anatafuta karatasi.

"Haya," Haji alisema. "Unataka ngapi?"

"Mia na saba."

"Na bei ya mwisho?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Basi ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Hiyo hiyo."

Haji alicheka kwa heshima, akingoja naye acheke. "Hiyo saba imetoka wapi? Watu huja hapa na mia, na mia na hamsini. Mia na saba sijapata kuiona."

"Kila rupia ina mwenyewe, Haji sahib. Ya umeme iko humo, ya betri iko humo, ya kodi mnayonikata iko humo. Na miezi mitatu mnayolala nayo iko humo, maana mimi silali."

"Lakini wewe uko nyumbani. Una gharama—"

"Mashine zako ziko nyumbani kwako pia. Hili jengo si lako?"

Bashir alikohoa. Haji alimtupia jicho, akarudi kwa Sumbal na sauti ya baba.

"Nikupe sabini na tano. Kwa ajili ya marehemu."

Sumbal alinyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Ulimi ulimwasha.

"Themanini na tano. Haya, nimekufa mimi, nizikeni."

"Mia na saba."

"Kuna vijana wako tayari kwa hamsini. Na kuna programu siku hizi, unaipa picha, kompyuta inachora yenyewe. Bure kabisa."

"Umeijaribu?"

"Tuliijaribu, Haji sahib," Bashir alisema kutoka mlangoni. "Ile ya waridi. Ilikata uzi mara arobaini kwa—"

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna."

"Na hao vijana," Sumbal alisema, "pindo la majani wanakujazia mishono elfu ishirini na nane, maana wanalipwa kwa mishono. Mimi nalimaliza kwa elfu ishirini na linalala vizuri zaidi. Mpaka leo nilikuwa najikata mshahara mwenyewe kila nikifanya kazi vizuri. Ile elfu nane unaishona wewe, kwa uzi wako, kwenye kila suti. Muulize Bashir ni dakika ngapi za mashine."

Haji hakumuuliza Bashir. Bashir alijibu hata hivyo, kwa vidole: kumi, kisha kimoja.

Tasbihi ilizunguka mara kadhaa. Haji alikuwa amefanya biashara miaka arobaini na hakushindwa ofisini kwake. Aliinamia meza. "Basi nitafanya hivi. Nakshi za shingo tu, zile ngumu, nitakupa wewe kwa hiyo mia na saba yako. Mapindo na mikono wapewe vijana. Wewe umepata bei yako, mimi nimepata nafuu yangu."

Ilikuwa nzuri. Sumbal aliona jinsi ilivyokuwa nzuri, na jinsi Khurram angeipokea kwa mikono miwili.

"Mia na saba ni bei ya kazi yote ya msimu," alisema. "Nikifanya shingo peke yake, mita yangu haitajua kwamba ni shingo peke yake. Betri haitajua. Shingo tu ni mia mbili na kumi."

"Unapandisha?"

"Wewe ndiye uliyepunguza kazi."

"Nimeona wanaonunua kingi wakipunguziwa," Haji alisema, sasa hacheki tena. "Wewe mwenye kununua kidogo unamtoza zaidi."

"Ni jambo lile lile, Haji sahib, umelitazama kutoka upande wa pili."

Sumbal akageuka kuondoka. Chai ilikuwa haijafika. Haji alisema atafikiri, kwa sauti ambayo watu humwambia mwombaji arudi kesho, na Sumbal akasema afikiri mpaka tarehe mosi, baada ya hapo atakuwa kwenye karakana nyingine kwa bei ile ile. Alipita tena kati ya mashine.

Jioni Khurram hakuvua viatu.

"Umenivua nguo mbele ya Haji."

"Nimemrudishia zake. Zako unazo."

"Usinifanyie mzaha, Sumbal! Miaka sita nakusemea. Nakaa pale naninginia kwenye kiti chake kwa ajili yako."

"Najua. Na kila mwaka unarudi na rupia tano na vitambaa. Kaa, kaka. Nina kitu hukuwahi kuonyeshwa."

Alimpa karatasi ya Tehmina. Khurram aliuza mbolea na mbegu kwa jumla, hesabu ilikuwa chakula chake, na kwa sababu hiyo hakuiamini ya mtu mwingine. Alitoa simu akaipiga mwenyewe, akinuna. Alifika kwenye elfu saba na mia tatu arobaini. Akarudia tangu juu. Ilikuwa pale pale.

"Chakula hujaweka," alisema mwishowe, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Chakula kimo kwenye ile arobaini. Umeme wangu nitalipa wote, na elfu kumi za chakula kila mwezi, nimkabidhi wifi mkononi."

Robina, aliyekuwa hayupo, alitokea.

"Na Haji akikataa?" Khurram aliuliza.

"Nitauliza kwingine."

"Na kwingine wakikataa?"

"Basi kompyuta iuzwe. Nitaiuza mimi, kwa mkono wangu. Bora isiwepo kuliko niilishe macho yangu na nilipe kwa kuilisha."

Karakana mbili za kwanza alizokwenda zilikataa. Ya kwanza walimcheka, ya pili walimsikiliza mpaka mwisho ndipo wakamcheka. Ya tatu walisema wangempa faili moja la majaribio, bila malipo, na yeye akasema majaribio yake yana bei ile ile. Haji hakupiga simu. Siku mbili kabla ya tarehe mosi alikuja mwanafunzi na baba yake kutoka Jhang kukitazama chumba.

Sumbal aliwapandisha ngazi mwenyewe. Asingekubali mtu mwingine awaonyeshe. Baba mtu alipima ukuta kwa shubiri, akaona kitanda kitakaa pale penye meza ya kompyuta. Mwanafunzi aliuliza kama intaneti inabaki. Khurram alisimama mlangoni, na kwa mtu aliyekitaka sana chumba kile kipangishwe, alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Simu yake ililia. Alitazama jina, akamtazama dada yake, akaifungulia spika.

"Khurram," sauti ya Haji ilisema, na nyuma yake mashine. "Mwambie dada yako mia. Namba iliyonyooka. Bashir amenijazia karatasi nzima hesabu za uzi na dakika, ananisumbua mpaka msikitini. Mia, tumalize kiume."

Baba wa mwanafunzi aliacha kupima. Khurram alifungua kinywa. Ilikuwa rupia arobaini juu ya ile ya mwaka jana, ilikuwa zaidi ya alichowahi kukiota kwenye kile kiti, na neno "sawa" lilikuwa limeshamfika kwenye meno. Sumbal alitikisa kichwa.

"Haji sahib," Khurram alisema polepole, "mimi mishono siijui. Mwenyewe huyu hapa." Akamnyooshea simu.

Sumbal ndiye aliyeanza.

"Assalam aleikum, Haji sahib. Mia na saba."

"Binti yangu, rupia saba zitakufikisha wapi?"

"Kwa mwaka zinafika elfu hamsini na sita na mia saba. Hizo ni betri yangu na intaneti yangu. Ukinipa mia, umeniagiza nikufanyie kazi bila betri, na umeme ukikatika faili lako limekufa nusu."

"Una mdomo."

"Naufanyia kazi."

Mashine zikalia upande wa pili, mtu akamwita Haji, Haji akamfokea huyo mtu, akarudi. "Haya. Mia na saba, kazi yote. Lakini suti za Idi sahau."

"Sikuziomba."

"Leta faili la kwanza Jumatatu."

"Niandikie kwanza. Bei, kazi yote ya msimu, na siku ya malipo."

"Kuandikiana? Miaka sita sijaandikiana na watu wa nyumba hiyo."

"Miaka sita hukuwahi kuzungumza na mimi."

Alimrudishia kaka yake simu.

Baba wa mwanafunzi alitazama huku na huku. "Sasa, jamani, chumba kinapatikana au hakipatikani?"

Khurram alivuta pumzi ya kujibu, kisha akaiachia.

"Hakipatikani, mzee," Sumbal alisema. "Utusamehe kwa ngazi. Teremka unywe chai, safari ya Jhang ndefu."

Karatasi ya Haji ilifika kwenye simu alasiri, picha iliyopigwa upande, yenye muhuri wa karakana. Bei ilikuwa mia na saba. Kazi yote ya msimu ilikuwa imeandikwa. Mstari wa mwisho ulisema malipo yatafanyika msimu ukiisha.

Sumbal aliinakili karatasi yote kwa mkono, akaukata ule mstari, na chini yake akaandika: ndani ya siku thelathini tangu kila faili kupokelewa. Akapiga picha, akairudisha.

"Sumbal," Khurram alisema. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa chumba cha juu kama mgeni. "Usimchokoze. Mtu ameshakubali."

"Amekubali bei, kaka. Kulipa hajakubali bado."

Khurram alifikiri juu ya wateja wake wa mbolea, ambao wote walikubali bei. Robina aliita kutoka chini kwamba chakula kinapoa. Hakuna aliyeshuka. Walikaa wawili, kompyuta imezimwa, wakisubiri.

Karatasi ya pili ilikuja kabla ya magharibi. Haji hakuweka salamu. Sumbal aliisoma mara mbili, zile siku thelathini, tarehe na sahihi, ndipo akavuta kiti, akawasha kompyuta.